Simu Ilikuwa Imezimwa

Baraka, Fizi

Dada Mwajuma,

Shikamoo. Kabla sijasema langu, niambie goti la mama linaendeleaje. Mara ya mwisho tulipozungumza ulisema anapanda ngazi za zahanati akishika ukuta. Na Shemeji, kile kikohozi kimemwacha? Wewe mwenyewe je, unapata usingizi, au bado unalala na mawazo ya duka kichwani? Nauliza mapema kwa sababu nikishaanza yangu nitasahau kuuliza.

Mimi mwili hauna kidonda. Nakuandikia kwa mkono ingawa simu ninayo hapa mezani na mtandao upo, kwa sababu haya siwezi kuyasema kwa simu. Nikipiga nyumbani mnaizunguka wote, mama anataka spika ifunguliwe, na mimi nitalia. Barua hii ataibeba mama mmoja muuza ndagala, ndizo dagaa za ziwa hili, anayevuka kwenda Kigoma. Kule ataiweka kwenye basi. Ukishaisoma, msimulie mama yale tu unayoona anaweza kuyabeba.

Nilikuambia kampuni imenileta Kongo kujaribu simu, sikukueleza vizuri ni simu gani. Sisi tunatengeneza prosesa, kile kipande kidogo kama ukucha ambacho ndicho akili ya simu. Iko kampuni nyingine, kubwa kuliko yetu. Prosesa yao ina kasi kuliko yetu, na kwa kuwa wanatengeneza nyingi, wanaziuza rahisi. Wakubwa wetu walihangaika muda mrefu wakitafuta mahali pa kuwashindia. Kwa kasi hatuwawezi, kwa bei hatuwawezi. Ndipo mmoja akasema twende kwa watu wasio na umeme. Watu hao huzima simu kutwa nzima ili chaji isiishe, na wakiiwasha jioni wanakuta mambo yameshawapita.

Basi ndani ya prosesa tukaweka kiini kidogo, mbali na vile vikubwa vinavyofanya kazi zote. Simu ikizimwa, vikubwa vinalala na kioo kinakuwa cheusi, lakini kile kidogo kinabaki macho. Ujumbe ukija kinaupokea, kinaujibu mnara kwamba umefika, kinautunza. Ukiwasha simu unaukuta. Kinakula umeme kidogo mno, kwa hiyo betri inakaa juma zima. Washindani wetu hawana kitu hicho. Tulisikia wana simu mpya wanayokaribia kuitoa, na yetu ilitakiwa itangulie sokoni.

Kiini hicho sikukibuni mimi. Kazi yangu ilikuwa kugawa simu za majaribio kwa watu wa Baraka na Fizi na njia ya Lulimba, ili tuone kama ujumbe unafika kweli mahali minara iko mbali. Nilizigawa kwa furaha, dada. Watu walizipenda. Mvuvi mmoja alinibusu mkono.

Nimepanga chumba kwa Wilondja na mkewe Riziki, juu kidogo ya soko. Wilondja ni motari, ndivyo wanavyowaita huku waendesha pikipiki. Ni mtu mpole, mrefu, anayepangusa pikipiki yake kama mtu anayemwogesha mtoto. Riziki anauza unga wa muhogo. Hawana mtoto bado, na kwa hiyo wananipenda mimi, wananigombeza nisipomaliza chakula. Simu ya kwanza nilimpa Wilondja, maana yeye anapita njia zote. Aliyefurahi zaidi ni Riziki. Mumewe akiwa safarini alikuwa anazima simu, naye anabaki hapa na moyo juu.

"Sasa nikimutumia mesaje, najua iko naye," aliniambia. "Hata kama amefunga telefone, ataikuta."

Huku kuzima simu wanasema kuifunga. Nililipenda neno lile. Nililiandika hata kwenye taarifa yangu ya kwanza kwa wakubwa.

Siku tuliyokwenda Lulimba, nilikuwa namfuata mkunga mmoja, Mama Nyassa. Naye nilimpa simu, akaondoka nayo kwenda kuwahudumia wanawake wanaoishi kwenye machimbo ya dhahabu. Nilitaka kuona simu yake inafanyaje kazi kule. Wilondja alisema njia imetulia. Tukapanda mpaka Fizi, tukanywa chai, tukaendelea.

Mbele ya Fizi, kwenye kona, tulikuta mti umelazwa barabarani. Bariera. Wenye bunduki walikuwa wamesimama pande zote mbili. Ni akina nani sitakuandikia, na kusema kweli sijui. Huku wenye bunduki ni wengi na nguo zao zinafanana. Waliteremsha kila mtu, wasafiri kadhaa wa pikipiki kama sisi na wanawake waliobeba mihogo. Wakaamuru tuzime simu na kuziweka kwenye meza moja ya mbao. Mkubwa wao alikuwa ameketi mezani hapo, mtu wa makamo, ndevu zimenyolewa vizuri, na mbele yake redio ndogo inapiga muziki.

Tukaziweka. Zote zilikuwa zimezimwa, nilimwona Wilondja akiizima ya kwake.

Halafu redio ikakoroma. Sauti ile unaijua, trr-trr, trr-trr, redio inavyokoroma simu iliyo karibu inapotaka kuita. Mama huwa anacheka, anasema pokea kabla haijalia. Pale hakuna aliyecheka.

"Nani hakufunga telefone yake?" mkubwa akauliza.

Akazitazama simu mwenyewe, vioo vyote vyeusi. Akangoja. Muziki ukaendelea kidogo, redio ikakoroma tena.

Akaongeza sauti ya redio. Kisha akaanza kuokota simu moja moja na kuisogeza kwenye redio, anaishikilia hapo, anasikiliza, anaiweka kando. Hakuwa na haraka. Mimi nilijua ni ipi. Tangu mkoromo wa kwanza nilijua. Kitu pekee nilichoomba ni kwamba isikorome tena. Sikuomba ujasiri wa kusema.

Ilikoroma akiwa ameishika mkononi.

"Hii ya nani?"

"Ya mi, shefu," Wilondja akasema. "Lakini nimeifunga. Angalia we mwenyewe, iko nyeusi."

"Iko nyeusi, na iko naongea. Iko naongea na nani?"

"Sijue, shefu."

Wakampigisha magoti kwenye changarawe. Mmoja akamvua kofia yake ya pikipiki na kuitupa, ikabingirika mpaka kwenye mtaro. Sijui kwa nini ile kofia ndiyo iliyonifungua kinywa. Nikasema simu ni yangu, nimempa mimi, yeye hajui chochote.

"We ni wa wapi?"

"Tanzania. Ni fundi. Najaribu simu hizi."

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, sauti inakatika, nikirudia maneno. Nilimwambia kuna kipande ndani kisicholala, kinapokea ujumbe tu, hakisikilizi mtu, hakimwambii mtu uko wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo liliniogopesha kuliko kama angenikatiza.

"Muntu akifunga telefone yake," akasema, "anataka nini?"

"Anataka inyamaze."

"Na nyinyi mulijua ile?"

"Tulijua."

"Sasa nani aliwaomba muache kitu ndani yenye iko macho?"

"Hakuna aliyetuomba," nikasema. "Kuna kampuni nyingine inatushinda. Tulitaka kuwa na kitu ambacho wao hawana."

Nadhani aliniamini kila neno, na haikutusaidia kitu. Aliiwasha simu. Ujumbe ulikuwa unasubiri, kama tulivyoutengeneza usubiri. Akausoma kwa sauti: "Mulifika?" Na wa pili: "Jibu basi, niko na wasiwasi."

"Riziki ni nani? Juu ya nini anataka kujua kama mulifika?"

"Ni muke wangu, shefu."

"Bote benye kutuma habari yetu kwa adui, ule wa kupokea banamuitaka muke yangu."

Akaizima tena, akairudisha mezani karibu na redio. Akasema Wilondja atabaki. Mimi nikaambiwa niondoke. Ningependa kukuandikia kwamba nilikataa, dada. Nilisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba mwenye simu ni mimi.

"We ni mugeni," akasema. "Nikikuweka hapa, kelele itafika mbali. Yeye ni wa hapa."

Nilirudi mgongoni mwa motari mwingine aliyekuwa amegeuza. Nilipotazama nyuma nilimwona mmoja wao ameokota jiwe, nikadhani wanaenda kuiponda simu. Niliamini hivyo njia nzima mpaka Baraka, kwa sababu nilitaka kuamini.

Riziki nilimkuta uani anapepeta unga. Simu yake ilikuwa kwenye mkunjo wa kitenge. Nilimwambia Wilondja amezuiliwa bariera kwa maswali. Hakupiga kelele. Aliweka ungo chini, akaketi juu ya gunia, akaanza kumwandikia. Nilimwacha aandike. Nilifikiri simu imeshapondwa, basi kuandika kutampa vidole kazi ya kufanya. Mimi mwenyewe niliandika mara moja: "Wilondja, vumilia, tunakuja."

Chama cha motari hapa kinaongozwa na mzee Etabo, mtu mkavu, mwenye sauti ya chini, aliyeendesha njia hizi tangu zikiwa vichochoro. Yeye ndiye aliyekwenda. Mara ya kwanza walimrudisha. Akaenda tena. Katikati ya safari zake mbili sisi wawili tulikaa ndani, Riziki akiandika, akiomba, akiandika. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo karibu na nyumba tulisimama wote wawili, na ilipopita hatukutazamana. Chakula kilipikwa na majirani, kikapoa. Mimi nilikuwa naogopa mambo mawili kwa pamoja, kwamba hatarudi, na kwamba atarudi na kunitazama usoni.

Wilondja alirudi mchana wa jua kali, nyuma ya pikipiki ya Mzee Etabo, bila pikipiki yake. Anatembea mwenyewe, lakini mkono wa kushoto umevimba mpaka vidole haviwezi kukunjika. Ndio mkono wa kushika klachi. Riziki alimshika uso kwa mikono miwili, akaingia ndani kuchemsha maji.

Mzee Etabo alitusimulia uani, akiwa bado hajashuka vizuri.

"Nilimuambia shefu, ule mama wa Tanzania hana akili ya kudanganya, anatetemeka sana. Akaniambia, tuma mesaje ku hii telefone. Nikatuma. Redio ikakoroma. Akasema, tuma tena. Ikakoroma. Akacheka. Akasema, kumbe ni kweli. Akaipiga na jiwe, akatupatia muntu wetu."

Kumbe haikuwa imepondwa, mpaka wakati ule.

Riziki alipokwenda kisimani kuongeza maji, Wilondja aliniita. Alikuwa ameegemea ukuta, mkono juu ya mto.

"Dada," akasema, "ile betri yenu inaishaka?"

"Inaisha," nikasema. "Baada ya juma."

"Mi nilikuwa naomba iishe."

Kisha akaniambia. Waliiacha simu kando ya redio. Redio ilipokoroma walisema, bako nakuita benzako, wenzako hao wanakuita, tuwaambie nini, na wanampiga kwenye mkono. Ikinyamaza, wanamwacha. Halafu inakoroma tena. Alikuwa anasikiliza ule muziki na kusubiri. Wakati mwingine ilikaa kimya mpaka akasinzia, ndipo ikakoroma.

Nilielewa kabla hajamaliza. Aliona nimeelewa.

"Usimuambie," akasema. "Yeye alikuwa ananitafuta tu."

Nakuandikia wewe peke yako. Ule ujumbe wangu mmoja nao nauhesabu. Sijui ulifika saa ngapi, na sitamuuliza.

Nilimpigia meneja wangu siku iliyofuata. Si mtu mbaya. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama niko salama, na niliisikia sauti yake ikilegea niliposema ndiyo. Nikamweleza yote. Akaniomba kwenye taarifa niandike kwamba eneo lina tatizo la usalama.

"Tatizo ni simu," nikamwambia.

"Simu ilifanya kile tulichoiagiza ifanye."

"Ndiyo hilo tatizo."

Akasema karibu washindani watatoa ya kwao. Akasema kiini kile ndicho kitu pekee tunachowazidi, tangazo limeshatengenezwa, viwanda vimeshaanza, na mtu hawezi kufungua prosesa akatoa kipande kama anayetoa jiwe kwenye mchele. Nikamuuliza kwa nini tusiweke swichi, mwenye simu aamue mwenyewe kiini kilale au kikae macho. Akasema swichi ya kweli, ile isiyoweza kudanganywa na programu, inataka kuchora upya, na kuchora upya ni kuchelewa, na kuchelewa ni kuwaachia wenzetu soko. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka kuyarudia maneno hayo mbele ya watu wanaomzidi cheo.

Niliandika taarifa yangu kama ilivyokuwa. Niliituma kwake na kwa wahandisi wote niliokuwa na anwani zao.

Jibu limekuja. Wameamua hivi. Simu itatoka kwa wakati wake, kiini kikiwa macho, na tangazo lake lilelile. Lakini zile zitakazopelekwa nchi zenye vita, kiwandani watapitisha umeme mkali kwenye njia inayokilisha kiini kile mpaka iungue, kisiamke tena. Watazipa jina jingine na kuziuza rahisi zaidi, kama simu ya daraja la chini. Meneja aliniandikia kwamba nimeshinda. Wahandisi wawili waliniandikia pole.

Dada, wewe una duka. Simu unazouza zinatoka wapi? Zinakuja ndani ya mabegi ya watu. Nyumbani kwetu hakuna vita, kwa hiyo zetu zitakuja na kiini kizima. Mfanyabiashara atazinunua Kigoma, atavuka nazo ziwa, na kwa siku chache zitakuwa soko la Baraka zinapigiwa debe kwamba hazikosi ujumbe. Nani atamwambia mnunuzi? Hata mimi nikisimama pale sokoni nipige kelele, wataniuliza, ni nini mbaya mesaje kufika? Jambo hili ndilo linaloniamsha. Naogopa simu ambazo bado hazijatengenezwa.

Nimezikusanya zile nilizogawa. Yule mvuvi alininunia, lakini aliitoa. Imebaki moja, ya Mama Nyassa. Yuko Lulimba na simu inayokoromesha redio, na siwezi kumpigia wala kumwandikia, kwa sababu nikimwandikia ndipo itakoroma. Nimetuma maneno kwa mdomo, kwa motari wawili na mwanamke mmoja anayekwenda kuuza vitunguu machimboni. Mpaka sasa hakuna aliyerudi na jibu. Namfikiria akipita ile kona. Nakaa mlangoni nikitazama njia, na redio ya jirani ikikwaruza kidogo tu, nasimama.

Riziki aliniuliza jana. Tulikuwa tunamenya mihogo.

"Dada, zile mesaje nilimutumaka, zilimufikia?"

Sikuwa nimejiandaa. Nilisema hapana, pale kwenye kona hakuna mtandao, mnara uko mbali. Akasema asante. Aliendelea kumenya. Baadaye akasema, kama anaongea na kisu, kwamba aliandika nyingi sana.

Niishie hapa, giza linaingia.

Naendelea asubuhi hii, kwa sababu mama wa ndagala amechelewa kuvuka, na kwa sababu kuna jambo.

Mama Nyassa amefika. Ameingia uani mwenyewe kwa miguu yake, mnene, mwenye vumbi mpaka kwenye kope, ananiita kwa jina langu kwa sauti ya kwaya. Nilimkumbatia mpaka akashangaa. Maneno yangu hayakumfikia, alikuwa anarudi tu kwa kuwa kazi imekwisha. Nilimwomba simu kabla hata hajapewa maji. Aliitoa kifuani, nikafungua mgongo wake, nikatoa betri, ndipo nikavuta pumzi.

Akakasirika. Wote tulikuwepo, Wilondja kwenye mkeka na mkono wake, Riziki anasonga bugali.

"Unaninyanganya telefone juu ya nini? Hii imeniita ku mama mwenye alikuwa anakufa. Niliifunga juu ya chaji, nikaifungua, mesaje iko pale, nikakimbia, bakapona yeye na mutoto. Juu ya woga yako we, mi nirudie kukosa bantu?"

Nikamweleza kuhusu redio. Sikutaja mkono wa Wilondja. Alisikiliza, akakuna shingo.

"Basi munipatie yenye nitaifunga mi mwenyewe, na yenye nitaiacha macho mi mwenyewe. Iko ngumu gani pale?"

Nikasema ni ngumu, inachelewesha. Akaniangalia kama anavyomwangalia mwanaume anayesema hawezi kusubiri nje.

Halafu, kwa sababu bado alikuwa anaitetea simu yake, akasema, "Na mtandao inakamata fasi zote, pahali pote. Jana pale ku kona ya Fizi, pale balikuwa banaweka bariera, bamekwisha kutoka, mti iko tu pembeni. Cheni ya moto yenye ilinibeba ilikatika, tukaketi. Mesaje zangu zote ziliingia pale pale. Pale mtandao iko muzuri sana."

Mwiko wa Riziki ulisimama ndani ya sufuria.

Hakunitazama mimi. Alimtazama Wilondja, mkono wake, halafu uso wake. Wilondja akainamisha macho kwenye mkeka, na pale ndipo Riziki alipopata jibu. Mama Nyassa hakuelewa, aliendelea kuongea kuhusu cheni. Riziki aliipua sufuria, akaifunika, akapangusa mikono. Alikwenda kuketi mkekani kando ya mumewe, akauchukua ule mkono uliovimba, akauweka mapajani mwake. Wilondja akasema kitu kwa Kibembe, maneno machache. Mimi sikielewi. Nilimshika Mama Nyassa begani, tukatoka nje.

Bado wako ndani. Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye jiwe la mlangoni. Sijui atanisemesha nini akitoka. Najua nitabaki hapa mpaka atoke.

Nisalimie mama, na umwambie nakula. Nisalimie Shemeji. Nisalimie Babu Mdogo anayetengeneza redio za mtaa, na Shangazi wa kanisani, na yule binti yako wa mwisho mwenye kuuliza maswali, mwambie mama yake mdogo hana majibu siku hizi. Kazi sijui kama bado ninayo. Hawajasema, na mimi sijauliza.

Boti ya watu inavuka siku tatu baada ya hii ya ndagala. Nitakuwa ndani yake. Sitapiga simu njiani, usinitafute wala usiniandikie. Nitapitia uani, mlango wa jikoni, nikuone wewe kabla ya mama. Ukisikia mtu anabisha pole pole, usiulize nani.

Mdogo wako,
Zuhura